Ukali wa Boone haukutosha

Wanaousifu ukali wa kocha Herman Boone husahau mwaka 1979. Ni kweli, mwaka 1971 timu yake ya futiboli ya Kimarekani, shule ya T.C. Williams kule Virginia, ilishinda mechi zote 13, na wachezaji wale, weusi kwa weupe, wakaja kuanzisha mfuko wa kusomesha vijana. Lakini ukali huohuo ulimponza: mwaka 1979 aliondolewa kazini kufuatia malalamiko ya unyanyasaji. Mtasema bila kubanwa vijana hawanyooki. Sawa, ila mbona wengine walibanwa wakalalamika? Nadhani kilichowaunganisha wale wa 1971 ni kambi ya Gettysburg, walikolazimika kula na kufanya mazoezi pamoja bila kujali rangi. Makocha wanaomwiga Boone waanzie hapo, makelele wayaache.