Kabla hujanunua sabufa kubwa, hamisha hiyo uliyonayo

Najua nimepotea, msinilaumu, mitihani ilitubana, na baada ya mitihani tukabanwa na usingizi. Leo nina jambo ambalo nimelibeba muda mrefu, ila aliyelichokoza ni rumeti wangu. Bumu limeingia wiki hii, jamaa kaniletea hoja tuchange tununue sabufa kubwa, eti hii tuliyonayo "haina mziki". Nikamwambia subiri kwanza. Akanuna. Basi naandika hapa kile nilichoshindwa kumwambia vizuri usiku ule, na ninyi mpime.

Mei 2025 nilibahatika kwenda Ujerumani, wiki sita za kubadilishana wanafunzi wa ualimu, mji wa Munich. Nilikaa kwa mzee mmoja mstaafu ambaye ugonjwa wake ni muziki. Sebuleni kwake hakuna televisheni. Kuna spika mbili ndefu kama mtoto wa darasa la pili, na kiti kimoja. Kimoja! Wageni wanakaa jikoni. Jumapili ya tarehe 18 Mei akanichukua, tukapanda treni ya U6 mpaka Kieferngarten, tukatembea kidogo hadi kwenye kumbi za MOC yalipokuwa maonesho ya High End.

Kwa asiyeyafahamu, haya ni maonesho ya vyombo vya kusikilizia muziki, vile vya bei mbaya. Yalianza mwaka 1982, na tangu 2004 yalikuwa yanafanyika hapo Munich. Haya niliyoyaona mimi ndiyo yalikuwa ya mwisho pale, kwa sababu kwa mwaka 2026 yalihamishiwa Vienna, Austria. Mzee alikuwa anatembea kama mtu anayeaga ndugu. Chini kuna kumbi kubwa, juu kuna vyumba vingi, na kila kampuni imepanga seti yake. Unaingia, unakaa, unasikiliza nyimbo mbili tatu, unatoka. Niliona jozi ya spika yenye bei ya kujenga nyumba Kimara na chenji ikabaki. Sikuuliza mara mbili.

Basi bwana, nilitegemea kila chumba nitakachoingia nitapagawa. Wapi! Vingine vilipiga mpaka nikasahau nilipo, na vingine, vyenye seti ya bei kubwa zaidi, vilikuwa vinanguruma tu. Chumba kimoja nilikikuta kimejaa, nikasimama nyuma kabisa kwenye kona. Ulikuwa unapigwa wimbo wa mwanamke na gitaa. Mimi nilichosikia ni duu, duu, duu. Maneno sikupata hata moja, na watu mbele wamefumba macho kwa raha. Nikajisemea, hawa jamaa wanadanganyana.

Wimbo ulipoisha, fundi wa chumba kile, baba wa makamo, aliniona nimekunja uso. Akaniita kwa mkono, akanionesha kiti kilichobaki wazi katikati, hatua kama nne kutoka niliposimama. Akapiga wimbo uleule. Wadau, yule mwanamke alikuwa mbele yangu. Nilisikia midomo inavyoachana kabla hajatamka. Spika zilezile, wimbo uleule, na fundi hakugusa kitufe cha sauti. Akacheka, akaniambia: "Pale uliposimama hata mimi sisikii kitu, besi tu."

Nilitakiwa kufurahi. Badala yake niliishiwa nguvu, maana maneno kama hayo niliwahi kuambiwa, na aliyeniambia nilimwadhibu.

Ilikuwa 2024, mazoezi ya kufundisha ya mwaka wa kwanza, ile tunayoiita BTP. Nilipangiwa sekondari ya kata, kidato cha pili, mkondo wa wanafunzi 74, somo la Kiingereza. Nikajiona mbunifu. Nikaazima sabufa ya mwenyeji wangu, nikaunganisha na simu, nikawapigia hadithi fupi wasikilize kisha wajibu maswali kumi. Soketi inayofanya kazi ilikuwa moja, kwenye kona ya mbele. Nikaiweka palepale sakafuni, zile spika ndogo mbili nikazipandisha juu ya mgongo wake, na besi nikaongeza ili eti ifike nyuma. Waliokaa mbele walipata saba, nane. Waliokaa nyuma, mbili, tatu. Binti mmoja wa dawati la mwisho akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi huku tunasikia mdundo tu." Darasa zima likacheka. Nikaona ananifanyia mzaha. Nikamsimamisha mpaka kipindi kikaisha. Na kwenye andalio la somo, pale penye tathmini, niliandika kwa mkono wangu: wanafunzi wa nyuma hawako makini.

Alikuwa anasema kweli tupu. Mimi ndiye sikuwa makini.

Fundi yule na mzee wangu wakanielewesha, na baadaye nikasoma zaidi. Sauti husafiri mita kama 343 kwa sekunde. Mawimbi ya besi ni marefu mno, lile la hezi 43 lina urefu wa karibu mita nane. Sasa chukua chumba cha hosteli cha mita nne kwa tatu. Nusu ya wimbi hilo inakaa kamili kati ya kuta mbili, hivyo noti hiyo inanasa humo na kuvimba. Karibu na ukuta inanguruma, katikati ya chumba inapotea kabisa. Upande wa mita tatu nao una noti yake, kama hezi 57. Ukiiweka sabufa konani, umeipa kuta mbili na sakafu zimsaidie kupiga kelele. Besi inaongezeka bure, na ndiyo maana tunaipenda kona.

Lakini maneno hayakai kwenye besi. Tunapoongea, irabu ndizo zenye nguvu, ila maana kwa kiasi kikubwa inabebwa na konsonanti, zile s, f, t, k, ambazo ni nyembamba na dhaifu. Mngurumo ukizidi unazifunika. Mtoto wa nyuma anasikia kwamba mtu anaongea, hasikii anasema nini. Kwa Kiswahili angebahatisha. Kwa Kiingereza, lugha anayojifunza, atabahatisha nini? Kati ya cap, cat na cash tofauti yote iko kwenye mkia wa neno.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: hamisha kwanza, nunua baadaye. Pale kwenye maonesho sakafu ilikuwa na alama za utepe. Fundi aliniambia kabla milango haijafunguliwa walishinda wakisukuma spika, sentimita mbili mbele, moja nyuma, geuza kidogo, sikiliza tena. Watu wenye seti za mamilioni wanahangaika na sentimita, sisi wa sabufa ya laki moja tunaitupa popote penye soketi.

Haya, nimpe rumeti wangu na ninyi hatua nilizojifunza, hazina gharama.

Moja, itoe konani. Anza shibiri mbili kutoka ukutani, sikiliza, ongeza.

Mbili, kama hujui uiweke wapi, weka boksi la besi pale pale unapokaa kusikiliza, kitandani au kwenye kiti. Piga wimbo ambao gitaa la besi linatembea juu na chini. Halafu wewe tambaa kuzunguka chumba, sikio likiwa chini. Utakuta sehemu inanguruma, sehemu kimya, na sehemu ambapo kila noti inasikika sawasawa. Hiyo ya mwisho ndiyo makazi ya boksi lako. Watu watakucheka, waache.

Tatu, spika ndogo zitoe juu ya boksi. Zitenganishe, ziwe usawa wa masikio, ili zile mbili na kichwa chako vifanye pembetatu ya pande zinazokaribiana. Kisha zigeuze kidogo zikutazame.

Nne, angalia waya. Nyekundu iende kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi, spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, spika zinavutana: moja inasukuma hewa, nyingine inavuta. Besi inakonda na sauti ya mwimbaji haijulikani inatokea wapi. Ya kwetu ilikuwa imegeuzwa tangu mwaka wa kwanza, na aliyeifunga ni mimi.

Tano, kaa mahali pako, mwenzio apitishe kioo ukutani ubavuni mwako. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga na kukurudia. Weka hapo kitu kinene, godoro lililosimama au blanketi zito lililokunjwa. Kanga haitoshi, ni nyepesi.

Sita, na kwa mwalimu hii ndiyo kubwa, pima kwa sauti ya mtu. Kampuni moja ya Marekani, Wilson Audio, ina utaratibu ambapo fundi anasimama ukutani, anaongea huku anasogea mbele taratibu, na mwenzake anasikiliza. Karibu na ukuta sauti inakuwa nzito kama mtu aliye ndani ya pipa. Ikifika mahali ikasafika, spika inaanza kuwekwa hapo. Yaani kabla ya mtambo wowote kuna mdomo na sikio.

Sitaki mnielewe vibaya. Vifaa vina kazi yake. Spika ya ukubwa wa sahani ya chai haitajaza ukumbi wa harusi hata uisogeze mpaka asubuhi, na vyumba vizuri vya pale Munich vilikuwa vizuri kwa sababu seti nzuri ilikutana na mpangilio mzuri. Ninachokataa ni tabia yetu ya kudhani kila tatizo la kusikia dawa yake ni kununua au kuongeza sauti.

BTP ya 2025 nilipangiwa shule nyingine, kwa hiyo yule binti sikumpata kumwomba radhi. Safari hii niliazima waya mrefu wa umeme, boksi la besi nikaliacha nyumbani kwa kutafuta kifaa ambacho spika zake zinajitegemea, nikazipanga moja kila upande, katikati ya urefu wa darasa, juu ya madawati yaliyopandana. Kabla ya kuanza nikaenda kuketi dawati la mwisho, mwanafunzi mmoja akabonyeza simu. Tukahamisha mara tatu. Nyuma walipata tano, sita. Sisemi ni ushahidi wa kisayansi, watoto walikuwa wengine na darasa jingine. Na siku mvua ilipopiga bati, Munich nzima isingetusaidia, tulifunga kifaa tukafanya sarufi ubaoni.

Sasa nimalizie na hapa chuoni. Ukumbi wetu mkubwa mnaujua. Nyuma tunasikia kila neno mara mbili, na jibu tunalopewa ni subirini vifaa vipya. Juzi jioni ulikuwa mtupu, nikapiga kofi moja. Likaenda, likarudi. Sauti inayotoka mbele ikagonga ukuta wa mita 30 na kurudi inachelewa karibu theluthi mbili ya robo sekunde, yaani inaangukia juu ya silabi inayofuata. Spika mpya ukutani palepale zitatupa mwangwi mpya, wenye nguvu zaidi.

Na si tatizo letu peke yetu. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kilikuwa na ukumbi wa mihadhara, kwenye jengo la makumbusho ya Fogg, ambamo neno likishatamkwa lilielea hewani sekunde tano na nusu. Akapewa kazi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Hakununua mtambo. Usiku, mji ukiwa umetulia, alikuwa anahamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, anaipanga humo, anapiga filimbi ya kinanda, anapima kwa saa sauti inakufa baada ya muda gani. Kwa mito na saa akapata kanuni inayotumika mpaka leo, na ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulijengwa kwa hesabu zake. Siku hizi kiwango cha Marekani cha madarasa, ANSI S12.60, kinataka katika darasa la kawaida mwangwi uwe umekufa ndani ya sekunde 0.6. Sisi madarasa yetu ni saruji tupu, bati na madirisha, na hakuna aliyewahi kutufundisha hata kupiga kofi kabla ya kuanza kipindi.

Ombi langu kwa wakubwa, wakati tunasubiri hivyo vifaa: siku moja mhadhiri mmoja apande akae safu ya mwisho, mwenzake aongee mbele, na fundi ahamishe spika wakati wanasikilizana. Saa mbili tu. Na kwenye kozi zetu za mbinu za kufundisha, kabla ya kutuambia tuandike nani yuko makini na nani hayuko, tufundishwe kwanza kwenda kukaa nyuma.

Wenzangu mnaokwenda BTP, mtakapomsikia mtoto wa nyuma anasema hasikii, msimsimamishe. Nendeni mkasimame alipo.

Rumeti, najua utasoma hapa. Jumamosi asubuhi, wewe utapiga wimbo, mimi nitatambaa. Tukishindwa, nachanga.

Ni hayo tu kwa leo. Alamsiki.