Mshika mbili moja humponyoka

Najua nimepotea. Zamu za usiku hapa Muscat zilinibana, halafu nikapata likizo ya siku kumi nikafuatana na dada mmoja tunayefanya naye kazi wodini, kwenda kwao Sri Lanka. Nimerudi salama, ila nina dukuduku moja nataka kulitoa.

Tulilipia safari ya siku moja yenye kiongozi: asubuhi magofu ya Kibudha ya Polonnaruwa, mchana tembo wa hifadhi ya Minneriya. Mbili kwa bei ya moja. Nikafurahi, si mnajua tena sisi watu wa kuhesabu riali.

Polonnaruwa ilikuwa mji mkuu kati ya karne ya 11 na ya 13. Pale Gal Vihara kuna sanamu za Buddha zilizochongwa kwenye mwamba mmoja, enzi za mfalme Parakramabahu wa Kwanza (1153–1186). Iliyolala ina urefu wa mita 14 hivi. Unavua viatu na kofia, na saa tano ile jiwe linaunguza kweli kweli. Mwenzangu akanionyesha nyayo: mguu wa juu umerudi nyuma kidogo. Maana yake hajalala usingizi, anaiaga dunia. Mimi kazi yangu ni kukaa na watu saa zao za mwisho. Nilitaka kusimama pale kimya. Kiongozi akapiga makofi: dakika zimekwisha!

Kumbe palepale kuna magofu ya hospitali ya watawa, ya enzi zile zile. Vyumba vidogo vimezunguka ua, na kuna jiwe lililochimbwa ili mgonjwa alazwe ndani yake kwenye dawa. Hata vyombo vya upasuaji vilichimbuliwa pale. Wauguzi wawili tumefika kwenye hospitali yenye umri wa miaka zaidi ya 800, tunaambiwa hakuna muda, magari ya tembo yanasubiri! Niliiona kwa mbali tu.

Haya, tukafika Minneriya. Tembo walikuwepo, tena makundi kwa makundi. Kiangazi maji ya ziwa yanapungua, majani mabichi yanaota pembeni, nao wanakuja kula. Lakini magari nayo yalikuwa makundi kwa makundi. Nilihesabu ishirini nikaacha. Letu likakata mbele ya mama mwenye mtoto. Wale wakubwa wakamzunguka mtoto, masikio yamesimama. Mimi nikaona wodi yangu: mgonjwa amechoka, ndugu kumi wamejazana kitandani, kila mmoja na simu yake. Nikamwomba dereva arudi nyuma. Abiria mmoja akafoka kwamba yeye kalipa aone tembo, sio mikia.

Dereva akazungumza na mwenzangu kwa Kisinhala. Alisema anayesogea karibu anapata bakshishi, anayekaa mbali anashitakiwa ofisini. Basi hasira zangu zikahama kwa dereva zikaja kwetu sisi tuliokaa nyuma. Sisi ndio tunaomlipa asogee.

Jioni ndipo mwenzangu akanieleza jambo ambalo kiongozi hakuligusa kabisa. Ziwa la Minneriya halikuwepo tangu asili. Ni bwawa lililojengwa na mfalme Mahasena, karne ya 3, kwa ajili ya mashamba ya mpunga, na watu wa pale wanamheshimu mpaka leo kama mungu wa Minneriya. Parakramabahu naye, pamoja na kujenga mahekalu, alijenga bwawa kubwa hapo Polonnaruwa. Maana yake tembo tuliowaona wanakula kwenye kazi ya mikono ya watu wa kale, Wabudha wale wale. Tuliuziwa vitu viwili, kumbe hadithi ni moja, na hiyo moja hatukuambiwa.

Najua mtaniambia si kila mtu ana likizo ya siku kumi wala hela ya kulala hotelini. Kweli kabisa. Lakini kama una siku moja tu, chagua kimoja ukione vizuri. Ukitaka vyote, uliza kabla ya kulipa: nitakaa magofuni saa ngapi? Na ukipanda gari mwambie dereva mapema: kaka, tukae mbali, bakshishi yako ipo palepale. Maneno hayo yanamfaa tembo kuliko kibao chochote cha hifadhini.

Na sisi wa Tanzania tusicheke. Tuna magofu ya Kaole, na Saadani haiko mbali. Tukipata wageni tutawaeleza, au tutawapigia makofi waharakishe?

Mwakani nikijaliwa narudi Polonnaruwa, siku nzima, hospitalini tu. Tembo wataniwia radhi.