Sufuria Mbili za Krismasi

Wanachuo wenzangu, likizo hiyoo inakuja. UE zikiisha, wengine tutabanana kwenye mabasi ya Moshi, Mbeya na Bukoba, na wengine watabaki hosteli kwa sababu nauli imeondoka na boom. Popote utakapokuwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba kati ya mkesha wa Krismasi na Mwaka Mpya mtu atatoa chupa ya wiski na kusema, "Jamani, tuchanganye kitu." Makala hii namwandikia huyo mtu. Namwandikia pia yule atakayekuwa amekaa pembeni, anaitazama chupa na kunyamaza.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama unataka kuchanganya wiski na viungo sikukuu hii, pikia nyumbani, mbele za watu, kwa kipimo. Na upike sufuria mbili: moja yenye wiski na moja isiyo nayo, zenye viungo vilevile, zikanywewe kwenye vikombe vilevile. Kama huwezi kupika ya pili, basi hata ya kwanza usipike.

Najua inasikika kama amri ya matroni. Lakini nina sababu.

Nikiwa mwaka wa kwanza tulifanya pati ya kufunga semesta kwenye chumba cha mshikaji mmoja aliyepanga mtaani. Tukachanga hela. Ikaletwa ndoo ya lita kumi, chupa nne za pombe kali, makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu, juisi za boksi na sukari. Mkorogaji nilikuwa mimi. Nilikoroga kwa mwiko wa ugali, nikaonja, nikaongeza juisi mpaka ukali ukapotea kabisa. Watu wakanisifu: "Yaani huwezi kujua kama kuna pombe humu!"

Akaja dada mmoja wa darasa letu. Akasema yeye hanywi. Nikamwambia, "Hii ni juisi tu, ina kitu kidogo sana." Alikunywa vikombe viwili chini ya nusu saa, na tangu mchana alikuwa hajala. Saa nane usiku tulikuwa kwenye bajaji tukimpeleka zahanati, akitapika, hajitambui. Nesi akauliza swali moja la kawaida tu: "Amekunywa nini, na kiasi gani?"

Nilikosa jibu, na mkorogaji nilikuwa mimi.

Alipona, namshukuru Mungu. Semesta yote iliyofuata hakunisemesha, na alikuwa na haki.

Hesabu nilikuja kuifanya baadaye, nikiwa nimetulia. Chupa nne za mililita 750 ni lita tatu. Lita tatu kwenye ndoo ya lita kumi maana yake kila kikombe cha mililita 300 kilikuwa na mililita 90 za pombe kali. Toti moja ni mililita 30. Kwa hiyo kila kikombe kilikuwa toti tatu, na yule dada alikunywa toti sita. Kwa pombe ya asilimia 40, toti moja ina takriban mililita 12 za kilevi chenyewe, na bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Tafsiri yake: nilimpa mtu asiyekunywa bia tatu za haraka haraka, tumbo tupu, nikamwambia ni juisi. Ini la binadamu husafisha takriban toti moja kwa saa. Kahawa haliharakishi. Maji ya baridi hayaliharakishi. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinafanya kazi mbaya zaidi: vinakufanya ujione uko macho wakati mwili umeshalewa.

Sasa, wengi tunafikiri tatizo la pombe kwa vijana ni upatikanaji. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 1, 2017, sisi tulikuwa bado watoto, lakini tunakumbuka vile vipakiti vilivyotapakaa stendi na pembeni mwa viwanja vya mpira. Marufuku ile naiunga mkono mpaka leo. Ila viroba vilipoondoka, tabia ya kiroba ilibaki: kunywa haraka, kwa kificho, bila chakula, bila kujua kiasi. Ndoo yetu ilikuwa kiroba kikubwa tu chenye rangi ya embe.

Dawa ya tabia hiyo mimi niliipata jikoni kwa mama, Desemba iliyopita.

Kwetu ni Marangu. Mnajua Wachagga na Desemba. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, mbuzi wanachinjwa, kisusio kinapikwa, na jioni ukungu ukishuka kutoka mlimani unatafuta sweta hata kama asubuhi ulikuwa unatoka jasho. Kaka yangu alikuja na chupa ya wiski kutoka Dar. Nikaona ile hali inaanza tena: chupa inazungushwa nyuma ya nyumba, vijana wanapotea mmoja mmoja na kurudi wanacheka ovyo. Nikamwambia, "Kaka, nipe hiyo chupa, nitaipikia."

Mama aliposikia alishika kiuno. "Yaani mwalimu mzima unapika pombe ndani ya nyumba yangu?" Nikamwambia, "Mama, pombe tayari ipo ndani ya nyumba. Mimi nataka tu uione."

Kinywaji chenyewe hakina ujanja. Waskoti wana kitu wanachokiita toddy: wiski, maji moto, asali, limau na viungo. Neno lenyewe Waingereza walilichukua India, ambako lilikuwa jina la utomvu wa mivumo na minazi uliochachuka. Yaani ni ndugu wa tembo la mnazi linalogemwa Tanga na Mombasa. Na viungo ndiyo kabisa. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, lakini tangu karne ya 19 Unguja na Pemba ndiko zilikojipatia jina, zikilimwa mwanzoni kwa jasho la watumwa kwenye mashamba ya enzi za Seyyid Said. Kwa hiyo kwenye sufuria hii viungo vilizoea jiko letu zamani. Mgeni ni wiski.

Nilichemsha maji lita tatu. Nikatia vijiti vinne vya mdalasini, karafuu kumi, iliki nane zilizopondwa kidogo, tangawizi kubwa iliyokatwa vipande, na maganda ya machungwa mawili, ile sehemu ya rangi tu kwa sababu ile nyeupe inaleta uchungu. Karafuu usizidishe, zinatia ganzi ulimi. Moto mdogo, dakika ishirini, mpaka nyumba nzima inukie. Nikaepua, nikachuja, nikaongeza asali na juisi ya yale machungwa pamoja na ndimu mbili. Kisha nikagawa kwenye sufuria mbili sawa, kila moja ya kutosha vikombe nane.

Wiski inaingia mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa na iko mbali na jiko. Kilevi huchemka kwenye nyuzijoto 78 hivi, kabla ya maji, na mvuke wake unashika moto. Ukiimimina sufuria ikiwa juu ya mkaa au gesi unaweza kuunguza nyusi zako na pazia la mama. Na usijidanganye kwamba ukiichemsha kidogo kilevi kinaisha. Kiasi kikubwa kinabaki.

Kipimo nilitumia kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi chenye alama ya mililita 15. Viwili ni toti moja. Vikombe nane, toti nane, basi. Mililita 240. Kaka akalalamika, "Hii ni sadaka au kinywaji?" Lakini zaidi ya nusu ya chupa ilibaki, mama akaifungia kabatini, na kila mtu mezani alijua kikombe chake kina nini: toti moja, pungufu ya nusu bia. Anayetaka cha pili alijua anahesabu toti mbili.

Sufuria zenyewe nilizitofautisha kwa kufunga uzi mwekundu kwenye mpini wa upawa wa ile yenye wiski. Kila sufuria na upawa wake. Na kila aliyekuja niliuliza kwa sauti: "Yenye wiski au isiyo na wiski?" Kwa sauti ileile, kama unavyomuuliza mtu chai ya maziwa au ya rangi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulitegemea. Baba yangu mdogo aliacha pombe miaka mitatu iliyopita. Ukoo mzima unajua, na ukoo mzima unajifanya hausemi. Kila sherehe anapewa soda, na kila anayepita na glasi mkononi anamtania: "Vipi mzee, leo mgonjwa?" Siku hiyo alisema "isiyo na wiski," akachukua kikombe chake kinachofuka moshi, akakaa na wenzake kwenye viti vya nje mpaka usiku. Vikombe vyote vilifanana.

Wakati wa kuosha vyombo alikuja jikoni, akaweka kikombe kwenye karai. Akasema, "Mwanangu, leo hakuna aliyeniuliza." Akatoka.

Nimeifikiria sana sentensi hiyo. Kule kwenye pati tulimpa dada wa watu pombe kwa sababu tulitaka afanane na sisi. Kwa baba mdogo ilitosha kikombe kufanana. Aibu ya kusema "mimi sinywi" inawasukuma watu wengi kunywa kuliko kiu yenyewe. Ukitaka kujua kama pati yako ni ya kistaarabu, mwangalie yule asiyekunywa: je, amepewa kitu kizuri, au amepewa maji ya chupa na maswali?

Najua hoja zenu. Ya kwanza: "Wewe unasoma ualimu, unafundisha watu kunywa?" Nikiwa TP, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, wewe unakunywa?" Nikakwepa, nikarudi kwenye somo. Leo ningemjibu kwamba yeye hajafikisha miaka 18, sheria haimruhusu, na kwamba mimi nikinywa nahesabu, nisiponywa sioni haya. Nadhani hilo ni somo zuri kuliko kukwepa. Watoto wetu wanajifunza pombe kwa kutuona tukiificha.

Ya pili: dini. Hapa sina ubishi. Kama imani yako inakataza, makala hii haikutongozi. Ninachowaomba wenyeji ni adabu. Mgeni Mwislamu, Msabato au mlokole aambiwe kabla ya kufika kwamba pombe itakuwepo, maana wapo ambao hata kukaa kwenye meza yenye pombe hawawezi, na hilo ni lao. Ukimkaribisha, mpikie kwenye chombo kisichowahi kushika pombe. Usimwambie "hii haina kitu" ukiwa hujui mwiko ulipita wapi.

Ya tatu: kinywaji kitamu chenye viungo kinaficha ukali, si ndiyo ndoo ileile? Ndiyo, hoja hii ina nguvu kuliko zote. Asali na mdalasini vinaweza kufanya kile kile juisi ya boksi ilifanya. Ndiyo maana nasisitiza kipimo kabla ya utamu. Usipopima, hata ukipikia kwenye jiko la mama, umekoroga ndoo tu.

Mengine ni ya haraka. Chupa isiyo na stempu ya TRA au iliyofunguliwa kizibo, iache. Viungo havisafishi pombe feki. Mwenye mimba, anayetumia dawa, na anayeendesha bodaboda au gari kurudi kwake, wao ni wa sufuria ya pili. Kula kwanza. Mtu akizidiwa, mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake, mpeleke hospitali.

Na kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, acha wiski, nunua viungo. Mdalasini, karafuu na iliki za kutosha sufuria nzima ni bei ndogo sana ukilinganisha na chupa. Sufuria ya pili inajitegemea bila ya kwanza. Kwetu ile isiyo na wiski iliisha mapema, maana hata mama, aliyeanza kwa kushika kiuno, alirudi mara mbili.

Yule dada tunasalimiana siku hizi. Nilimwomba radhi mwaka jana, akanijibu kwa upole kuliko nilivyostahili. Simwandikii yeye haya, yeye hakukosea. Nakuandikia wewe utakayeshika mwiko sikukuu hii. Koroga ukijua kwamba kuna nesi anaweza kukuuliza saa nane usiku: amekunywa nini, na kiasi gani? Uwe na jibu.

Sikukuu njema.