Meza ya Watu Kumi, Risiti ya Mstari Mmoja

Makamanda, leo naomba tuongelee ulaji. Sio ule wa vyeo tunaousema kila siku. Naongelea kula kwenyewe: sahani, kijiko, na nani analipa.

Kuna hoja inarudi kila tukibishana kwenye magrupu yetu. Mtu anarusha video ya reli za China, halafu anamalizia: wenzetu wana nidhamu, fisadi kule hana pa kujificha, hizi demokrasia zenu zinatuchelewesha tu. Na watu wa kwetu, tena makamanda kabisa, wanapiga makofi. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, na hoja hii imenichosha. Nimeamua kuipima kwenye sehemu moja tu ambayo wenyewe China wanajisifia, yaani meza ya chakula.

Kwenye migahawa ya hadhi ya juu kule, kikundi hakiagizi kama tunavyoagiza kwa mama ntilie, kila mtu na sahani yake. Mnachukua chumba cha faragha chenye meza ya duara, katikati kuna kioo kinachozunguka, na mwenyeji anakaa akiutazama mlango. Chakula ni menyu iliyopangwa tayari, inauzwa kwa meza nzima au kwa kichwa. Vinatangulia vitu baridi, vinafuata vya moto, supu, samaki mzima, wali au tambi, mwisho matunda. Namba nane inapendwa sana kwenye sahani kwa sababu kwao ni namba ya bahati. Menyu ya bei ya chini ina kuku, tofu na mboga. Ile ya juu ina mapezi ya papa, supu ya viota vya mbayuwayu na jongoo bahari (huyo huyo anayefugwa Zanzibar na kuuzwa huko), pamoja na chupa za Moutai, pombe kali ya asilimia 53.

Sina ugomvi na utamaduni huo. Kumkirimu mgeni hata sisi tunakujua. Shida ni bei ya meza. Menyu ya namna hii inatoa risiti ya mstari mmoja: meza moja, watu kumi, jumla kiasi fulani. Haisemi nani alikaa pale, kilichojadiliwa ni nini, wala kwa nini kikao cha saa mbili kilihitaji mapezi ya papa. Mkandarasi akimlisha mkuu wa idara hapo, hakuna bahasha iliyopita mkononi. Mkuu wa idara akiwalisha rafiki zake kwa fedha za umma, kwenye vitabu inasomeka "mapokezi ya wageni". Rushwa imekaa mezani, imevaa leso, na hakuna wa kuishika.

Chama kinachotawala China kililijua hilo. Desemba 2012 kilitoa kanuni zake nane za kubana matumizi ya viongozi. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2013, ikatoka kanuni kamili ya mapokezi ya wageni wa kiserikali, na nakiri imeandikwa vizuri. Mwenyeji anaruhusiwa kuandaa mlo mmoja wa kikazi, wa vyakula vya kawaida vya nyumbani. Mapezi ya papa marufuku, viota marufuku, sigara na pombe za bei mbaya marufuku, na migahawa ya kifahari nayo marufuku. Wageni wakiwa kumi au pungufu, wenyeji wanaokula nao wasizidi watatu. Wakizidi kumi, wenyeji wasizidi theluthi ya wageni.

Kilichonifurahisha mimi kama mtu wa sheria ni upande wa karatasi. Ili gharama ilipwe, zinatakiwa nyaraka tatu: risiti, barua rasmi ya ofisi iliyowatuma wageni, na orodha inayotaja wageni kwa majina, vyeo, shughuli iliyowaleta, muda, mahali na gharama. Malipo yapite benki au kwa kadi ya kazi, sio fedha taslimu. Ule mstari mmoja wa risiti umefumuliwa, sasa unasema nani, wapi, kwa nini.

Na iliuma. Xiang'eqing, kampuni ya migahawa ya kifahari ya Beijing iliyoingia soko la hisa la Shenzhen mwaka 2009, iliishia kutangaza hasara, kufunga matawi na kuikimbia biashara ya chakula. Kama kampuni nzima inayumba kwa sababu watumishi wa umma wameacha kula, basi jiulize bili ilikuwa inalipwa na nani.

Mlaji wa kawaida naye alipata chake. Februari 2014 Mahakama ya Juu ya Watu ilisema kulazimisha kiwango cha chini cha matumizi kwenye vyumba vya faragha, na kukataza mteja asije na kinywaji chake, ni masharti yasiyo ya haki. Novemba mwaka huo ikaanza kutumika kanuni inayokataza kabisa kiwango hicho cha chini. Aprili 2021 ikapitishwa sheria ya kupinga upotevu wa chakula: mgahawa ukimshawishi mteja aagize kupita kiasi unaonywa, ukikaidi unapigwa faini ya kati ya yuan 1,000 na 10,000.

Sasa mshabiki wa China ananiambia, "Si unaona?" Naona. Ila mwaka ule ule wa 2013 kuna meza nyingine ilikuwa inaliwa.

Xu Zhiyong ni msomi wa sheria aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Beijing. Yeye na wenzake walikuwa wanawahimiza raia wa kawaida kwenye miji mbalimbali wakutane kwa chakula mara moja kwa mwezi, wale kawaida tu na wazungumze haki zao. Moja ya madai yao makubwa ilikuwa viongozi watangaze mali zao hadharani. Yaani walitaka kile kile ambacho chama kilisema kinakipigania. Alikamatwa 2013. Januari 2014 alihukumiwa miaka minne kwa kukusanya watu na kuvuruga utulivu wa umma. Alitoka, akaendelea kusema, na Aprili 2023 akahukumiwa tena, safari hii miaka 14.

Hapo ndipo hoja ya nidhamu inapoangukia. Afisa haruhusiwi kula mapezi ya papa, sawa. Lakini raia naye haruhusiwi kuuliza afisa anakula nini. Wenyewe wanajikataza, wanajichunguza na kujisamehe. Vyombo vya habari vya huko huko viliripoti jinsi karamu zilivyohamia kwenye klabu za siri, na Moutai ikamiminwa kwenye chupa za maji. Mei 2025 kanuni zikabidi zikazwe tena, pombe ikaondolewa kabisa kwenye milo ya kikazi. Miaka 12 na zaidi unakimbizana na sahani, kwa sababu anayeijua siri ya meza, yaani mhudumu, mwandishi au jirani, hana pa kuisemea bila kuogopa.

Hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Novemba 2015 Rais Magufuli aliagiza hafla ya wabunge ibanwe na fedha zielekezwe kwenye vitanda vya Muhimbili. Nchi nzima tulishangilia, na vitanda ni vitanda, wagonjwa walivilalia. Lakini Januari 2016 tukaambiwa Bunge halitaonyeshwa tena mubashara. Mwaka huo huo mikutano ya hadhara ikapigwa marufuku, mpaka Januari 2023. Na CAG, Profesa Assad, alipoendelea kusema alichokiona kwenye vitabu, akatolewa 2019. Mahakama Kuu ilikuja kusema mwaka 2022 kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Karamu ilipunguzwa, na wa kuhesabu sahani nao wakapunguzwa. Ukibana matumizi kwa hisani ya mtu mmoja, siku akiondoka au akibadilika, huna pa kudai.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Tuchukue karatasi zao tatu, mfumo wao tuuache huko huko. Sisi tuna silaha ambazo Xu Zhiyong hakuwa nazo, hata kama ni butu. Ibara ya 143 ya Katiba inampa CAG kazi ya kukagua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa wewe raia nafasi ya kuiandikia halmashauri yako na kuomba orodha ya matumizi ya "mapokezi ya wageni", bila kuwa mwanasheria. Andika kwa heshima, taja kifungu, omba jina la shughuli, idadi ya walaji na gharama. Wakikataa, wakatae kwa maandishi, maana kukataa kwa maandishi nako ni ushahidi.

Lakini kabla hatujaandika hiyo barua, tuanze na sisi. Chama chetu kinakula ruzuku, ambayo ni kodi ya mama ntilie, na kinakula michango ya vijana wanaotuma elfu moja moja kwa simu. Napendekeza kikao kijacho cha jumuiya yetu kipitishe kwamba kila mlo unaolipwa na chama, kuanzia kata hadi taifa, uwe na risiti, barua ya mwaliko na orodha ya waliokula, na vibandikwe ofisini ambapo mwanachama yeyote atavisoma. Najua kuna viongozi wetu watasema huu ni utoto. Wengine watasema tunawapa adui fimbo. Nawaheshimu, ila nauliza: kama hatuwezi kuonyesha risiti ya wali na kuku leo tukiwa na chama, tutaonyesha nini siku tukipewa Hazina?

Ikipita, kuweni tayari kuanza na kata yenu. Isipopita, tujue nani aliipinga, kwa jina, na iandikwe kwenye muhtasari.