Saa tisa na nusu shule imefunga, mathe bado yuko jobo: nani anacheki watoi?

Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu. Michezo, hadi kumi na moja kasorobo. Fiti. Sasa cheki mathe wa Kayole anayepiga jobo Industrial Area. Anatoka saa kumi na moja, jam ya Jogoo Road inamngoja, akifika kejani ni giza.

Hapo katikati mtoi wa gredi ya tatu yuko wapi? Deikea za ploti ni za wale wadogo. Yeye anaachiwa jirani, ama anapotelea kwa banda la gemu.

Ndio maana tuisheni ya jioni haiishi hata ikipigwa vita. Mzazi anajua mtoi amechoka na hashiki hesabu yoyote. Analipa ndio kuwe na mtu mzima anamwangalia.

Na shule iko na geti, madarasa na soja tayari! Vijana wawili wa mtaa wangesimamia kazi ya nyumbani na kabumbu hadi saa moja. Shida ni nani atawalipa. Katiba iliipa kaunti chekechea na deikea, shule ya msingi ikabaki kwa serikali kuu. Uliza upande wowote, utatumwa kwa ule mwingine.