Asiyesimama si kiziwi

Kisa hiki kimezungushwa mno: kwenye mahubiri, kwenye semina za mameneja, kwenye makundi ya WhatsApp. Ijumaa ya Januari 12, 2007, mpiga fidla maarufu Joshua Bell alisimama kwenye kituo cha treni cha L'Enfant Plaza, Washington, kofia ya besiboli kichwani, fidla ya Stradivari ya mwaka 1713 begani. Akapiga dakika 43. Wakapita watu 1,097, na waliosimama kumsikiliza ni saba tu. Gene Weingarten wa Washington Post, aliyeandika habari hiyo, alipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Sisi tukaachiwa fundisho: binadamu wa leo hana sikio.

Fundisho hilo ni bovu.

Muziki ulianza saa mbili kasoro dakika tisa asubuhi, mbele ya wafanyakazi, wengi wao wa serikali, wanaowahi ofisini. Mweke Bell huyo huyo Kimara, Dar es Salaam, saa hizo, watu wakigombania mabasi ya mwendokasi, halafu umlaumu mama aliyepata pa kuweka mguu mmoja kwamba hamjui mtunzi Bach! Mpiga gitaa wa mtaani anayeitegemea kazi hiyo kwa chakula cha watoto asingechagua saa ile. Anajua watu wana nafasi lini na wapi.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni hesabu inayorukwa kila kisa kinaposimuliwa. Watu 27 walitoa pesa, jumla dola 32 na senti kidogo, na wengi walitoa huku wakikimbia. Yaani waliotoa ni karibu mara nne ya waliosimama. Hao nao viziwi? Kwenye taarabu, shabiki aliyeguswa hakai kitini amekunja mikono. Huinuka, akaenda mbele kwa madaha, akamtuza mwimbaji, akarudi zake. Hakuna anayemwambia hakusikiliza. Na matarumbeta ya harusi yakipita Magomeni juu ya pikapu, muuza chapati haachi kugeuza chapati zake. Bega ndilo linalocheza. Bodaboda anaitikia kwa honi, anakata kona na abiria wake. Wote wamesikia, tena wamejibu.

Kusimama kimya, macho mbele, ni adabu ya ukumbi wa tiketi. Haina ubaya, ila ni ya ukumbi. Kuibeba hadi mlangoni pa treni na kuifanya kipimo cha utu wa wapita njia ni ujeuri wa watu wenye muda wao, na wengi wanaokisambaza kisa hiki, nina hakika, hukisoma wakiwa mbioni kwenda kazini.

Septemba 2014 Bell alirudi kupiga bure kituoni, safari hii Union Station, mjini humo humo. Siku ilitangazwa mapema, na ilikuwa mchana. Umati ulifurika. Sijasikia mhubiri hata mmoja akieleza masikio ya Washington yaliota lini.