Nasaha au Biashara?

Ukisikia redioni, "Mama, linda afya ya mwanao," utadhani ni daktari anenaye. Mara latajwa jina la maziwa ya kopo! Nasaha gani hiyo aliyoilipia mwenye mali?

Mwaka 1981, huko Geneva, mataifa 118 yalipitisha kanuni ya kuzuia maziwa hayo yasitangazwe kwa umma. Marekani peke yake ikapinga. Sababu ilijulikana: unga ukizidishiwa maji, tena machafu, mtoto huharisha, hukonda, hufa, na ziwa lisilonyonywa hukauka. (Mama aliyekosa maziwa simlaumu.)

Wauzao na wauze, lakini sauti ya tabibu wasiiazime. Nawe mtangazaji uliyepokea fedha, mbona humwambii mama huyo kwamba umelipwa?